Ukibadili spea, je, waranti ya gari inakufa?



Jirani yangu alibisha hodi jioni moja nikiwa nachambua mchele. Hakusubiri karibu. Alivuta kigoda, akakaa, akaniwekea mapajani kijitabu chenye jalada la plastiki na kusema, "Dada, wameniambia waranti imekufa."

Yeye ni mwalimu. Pamoja na bwana wake walikopa katika SACCOS ya walimu, wakauza na ng'ombe wawili, wakanunua pikapu ndogo mpya kabisa kwa wakala. Hawakuinunua kwa fahari. Pikapu ile hubeba mayai na mboga alfajiri kwenda sokoni, na fedha hiyo ndiyo inayolipa deni la SACCOS kidogo kidogo. Ikilala siku tatu, watoto wawili walio bweni wanaanza kuulizwa ada. Kwa hiyo aliposema "imekufa", nilielewa kwamba hatuzungumzii gari peke yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Gari lilikuwa na mwaka mmoja na nusu, limekwenda kilomita 41,000. Waranti yake ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachoimaliza. Asubuhi moja aliona maji yakidondoka chini ya injini, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Akasimamisha gari hapo hapo. Hilo lilikuwa jambo la busara sana, maana wengi wetu tungesema "nifike tu nyumbani", tukaua injini nzima. Gari likavutwa mpaka gereji ya wakala. Fundi akakuta pampu ya maji inavuja. Kisha kijana wa kaunta akaja, akafunua boneti, akaona alamu ya wizi iliyofungwa na fundi wa mtaani na balbu za taa za mbele ambazo si za kiwanda. Akamrudishia kitabu chake: "Mama, mmeshaingiza vitu vya nje. Waranti haipo tena." Pampu na kazi yake, shilingi laki sita na elfu themanini.

Mwanamke peke yake mbele ya kaunta ya gereji huambiwa mengi. Akija na bwana, maelezo yanakuwa marefu kidogo. Nasema hivyo bila kinyongo, ila wenzangu mnaoendesha mtanielewa.

Tulisoma kile kitabu tukiwa wawili, ukurasa kwa ukurasa, mchele umewekwa pembeni. Na kwanza tuelewane waranti ni nini. Ni ahadi ya kiwanda kwamba kitu kikiharibika kwa sababu kiliundwa vibaya au kwa malighafi mbovu, watakitengeneza au kukibadilisha bila malipo kwa muda fulani. Haihusu vitu vinavyolika kwa kutumika, kama breki pedi, mipira ya waipa, filta, na mara nyingi sahani ya klachi. Haihusu ajali, wala shimo la barabarani, wala dereva aliyesahau oili. Pampu ya maji iliyoanza kuvuja kwenye kilomita 41,000 ni kitu cha waranti hasa. Pampu haitakiwi kufa mapema hivyo.

Tukafika kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Hapo ndipo wengi huogopa, kwa sababu maneno yameandikwa madogo na kwa Kiingereza cha wanasheria. Lakini tulipoyasoma polepole, hayakusema kwamba ukifunga kitu cha nje waranti nzima inakwisha. Yalisema kwamba waranti hailipi uharibifu *uliosababishwa* na spea au vifaa visivyo vya kiwanda, au na mabadiliko yaliyofanywa kwenye gari. Neno lenye uzito hapo ni "kusababishwa". Jirani yangu alilisoma mara tatu kwa sauti, kama anavyowasomesha watoto wa darasa la nne.

Basi swali la kurudi nalo kaunta likawa dogo tu: alamu ya wizi imeiharibuje pampu ya maji? Alamu inakaa kwenye nyaya za umeme. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa injini, nayo huvuja kwa sababu ya sili au beringi yake mwenyewe. Balbu nazo ziko mbele kwenye taa. Hakuna njia ya kutoka huku kwenda kule.

Kesho yake alikwenda, akauliza hivyo hivyo, kwa upole, akaomba kama jibu ni hapana basi aandikiwe kwenye karatasi ni kifaa gani kimesababisha nini. Kijana akaingia ndani. Akatoka na meneja. Meneja akatazama, akakuna kichwa, akasema pampu itabadilishwa na hatalipa kitu.

Msifurahi haraka, maana kuna sehemu ya pili. Meneja huyo huyo alifungua taa ya kushoto, akamwonyesha soketi ya balbu imeyeyuka na waya umegeuka rangi ya kahawa. Hiyo, akasema, mtalipa wenyewe. Na hapo alikuwa na haki kabisa.

Niwaeleze kwa nini, kwa sababu balbu hizi zimejaa madukani na akina baba wanazipenda mno. Taa nyingi za gari zinazotumia balbu ya aina ya H4 zimetengenezwa kwa wati 60 kwenye mwanga mkali na wati 55 kwenye mwanga wa kawaida. Kuna balbu zinauzwa za wati 100. Kwa umeme wa volti 12, balbu ya wati 60 inavuta ampea 5, ile ya wati 100 inavuta zaidi ya ampea 8. Waya ni ule ule, soketi ni ile ile. Na joto kwenye waya halipandi sawasawa na umeme. Umeme ukizidi namna hiyo, joto linakaribia mara tatu ya lile la mwanzo. Usiku wa kwanza utaona barabara nzuri ajabu. Baada ya miezi kadhaa plastiki inalainika, taa inaanza kupepesa, na fyuzi ikikatika kuna mtu ataweka kubwa zaidi "isisumbue", na sasa moto uko njiani. Kiwanda hakiwezi kulipia hilo, na hata mimi ningekuwa kiwanda nisingelipa.

Kwa hiyo katika gari moja, siku moja, mlikuwa na majibu mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa ya kweli. Kitu cha nje hakikuua waranti ya gari zima. Kiliondoa tu ile sehemu kilichoiharibu chenyewe.

Wapo watakaosema huo ulikuwa wema wa meneja mmoja. Sivyo. Makampuni yanayotengeneza magari yetu ni yale yale yanayouza nchi nyingine, na huko hoja hii imepiganiwa zamani mpaka ikaandikwa katika sheria. Marekani walitunga sheria ya waranti mwaka 1975, inayoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss. Inamkataza mtengenezaji kumwambia mteja kwamba waranti itafanya kazi tu ukitumia spea au huduma yenye jina fulani la biashara, isipokuwa kama anaitoa hiyo spea au huduma bure, au amepata ruhusa maalumu ya serikali. Akitaka kukataa dai, aonyeshe kwamba kile kifaa cha nje ndicho kilicholeta uharibifu. Na sheria hiyo haikubaki kwenye kabati. Mwaka 2015 tume ya biashara ya huko, FTC, iliishtaki BMW kwa sababu idara yake ya magari ya MINI iliwafanya wenye magari waamini kwamba lazima watumie spea za MINI na gereji za MINI ili waranti isipotee. Mwaka 2022 ikaja zamu ya Harley-Davidson, wale wa pikipiki kubwa. Waliamriwa kuwaeleza wateja wazi kwamba kutumia spea za watu wengine au gereji huru hakufuti waranti.

Karibu na kwetu zaidi, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Unasema mwenye gari anaweza kwenda gereji huru na kutumia spea zisizo na jina la kiwanda hata gari likiwa bado ndani ya waranti. Gereji hiyo ikiharibu kitu, kiwanda kinaweza kukataa kulipia kilichoharibiwa. Mwongozo huo pia uliwaruhusu wateja kununua gari bila kulazimishwa kununua na mpango wa sevisi ndani ya bei moja, jambo ambalo wengi wetu hatujui kama linatenganishika.

Huku kwetu, mahali pa kuanzia ni kitabu chako. Waranti ni mapatano, na vitabu havifanani. Vingine ni vikali zaidi kuliko kile cha jirani yangu, hasa juu ya sevisi: vinataka ifanyike kwa wakala kila kilomita 5,000 au 10,000, na vinataka mhuri kila mara. Mimi nashauri, katika miaka ya waranti, usibishane na hilo. Fanya sevisi pale kitabu kinaposema, hata kama mafundi wetu wa mtaani ni hodari na bei yao ni nusu. Mhuri mmoja uliokosekana unaweza kukuletea mabishano makubwa kuliko alamu kumi. Lakini ukikataliwa kwa neno ambalo halimo kitabuni, una pa kwenda. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, nayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kenya wana sheria yao ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012. Mara nyingi huhitaji hata kufika huko. Kutaja tu kwamba unaomba jibu la maandishi hubadilisha sura ya kaunta.

Sasa neno juu ya spea zenyewe, kwa sababu tunachanganya mambo. Tukisikia "si ya kiwanda" tunafikiri "feki". Hapana. Viwanda vya magari havitengenezi kila kitu. Plagi, shokapu, vifaa vya umeme, klachi, vingi vinatengenezwa na makampuni mengine, kisha vinaingia kwenye boksi la kiwanda cha gari. Denso, kwa mfano, ilikuwa sehemu ya Toyota mpaka mwaka 1949 ilipojitegemea. NGK wanatengeneza plagi, KYB wanatengeneza shokapu. Ukinunua plagi ya NGK kwenye boksi la NGK, ya namba ile ile inayotakiwa na injini yako, hujafanya dhambi yoyote kwa gari. Bei tu imepungua.

Feki ni jambo jingine kabisa. Feki ni boksi lililoiga jina la mtu. Filta ya oili ya feki kwa nje ni nzuri, rangi ile ile, maandishi yale yale. Ndani karatasi ni chache na gundi ni mbaya. Ikichanika, uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye beringi za injini. Ikifika hapo huna waranti na huna injini, na huwezi kumlaumu wakala. Aliyekuuzia naye, ukirudi Kariakoo wiki ya pili, hakujui. Basi dai risiti yenye jina la duka na namba ya spea. Duka lisilotaka kuandika namba ya spea kwenye risiti limeshakujibu.

Kuna vitu tunavyonunua sisi akina mama hasa, na hakuna anayetuonya. Cha kwanza ni vitambaa vya viti. Magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa ndani ya viti vyenyewe, ubavuni, inayotoka wakati wa ajali. Ukivalisha kiti kitambaa kizito kilichoshonwa kuzunguka pande zote, mfuko unaweza kuchelewa au kushindwa kutoka. Tazama ubavuni mwa kiti. Kama kuna kibandiko kilichoandikwa "AIRBAG", tafuta kitambaa kilichoachwa wazi sehemu hiyo. Cha pili ni zulia la miguuni. Mwaka 2009 Toyota waliita tena magari karibu milioni 3.8 huko Marekani kwa sababu zulia lililokaa vibaya liliweza kubana kanyagio la mafuta. Ukiweka zulia jipya upande wa dereva, usiliweke juu ya la zamani, na hakikisha limeshikwa na vile vindoano vya sakafuni. Hili halina uhusiano mkubwa na waranti, lakini nisingelala vizuri bila kulisema.

Matairi makubwa kuliko ya kiwanda ni ugonjwa wa akina baba. Gari linaonekana refu, lakini mshale wa mwendo unadanganya: unasoma 80 nawe unakwenda zaidi. Beringi na gia boksi zinabeba mzigo zisizoundwa kuubeba. Gia boksi ikifa baada ya hapo, wakala ana hoja, na swali letu la "imesababishaje?" litajibiwa bila shida.

Na kama gari lenu lilitumika Japan kabla halijashuka bandarini, kama yalivyo magari mengi ya mtaani kwetu, kwa kawaida hakuna waranti ya kiwanda inayokuja nalo. Kilichopo ni kile alichokuandikia aliyekuuzia, kama aliandika. Kwa hiyo usitishwe na mtu anayekuambia utapoteza kitu ambacho hukuwa nacho.

Nilimshauri jirani yangu anunue daftari dogo la kukaa ndani ya gari. Kila kitu kinachofungwa kinaandikwa humo: tarehe, kilomita, jina la spea, duka, fundi. Risiti zinabanwa kwa pini kwenye ukurasa huo huo. Spea ya zamani inaombwa kwa fundi, inawekwa kwenye mfuko, maana siku ya ubishi kile kipande chenyewe kinazungumza kuliko sisi. Na kabla ya kufunga chochote kinachogusa umeme, anampigia wakala, kisha anaomba wamtumie jibu kwa maandishi. Wakala wengi wana alamu zao, ghali kidogo, lakini zinafungwa bila kukata waya na zinaingia ndani ya ahadi yao. Fundi wa mtaani naye ukimwambia mapema, "Kaka, usikate waya, tumia soketi", anaweza. Wengi hukata kwa sababu hakuna aliyewaambia wasikate, na kwa sababu utepe mweusi ni rahisi.

Bwana wake alinuna siku mbili juu ya balbu. Alidai anaona vizuri nazo. Mwishowe balbu za wati 60 zikarudi, soketi mpya ikanunuliwa kwa fedha yao wenyewe, na ilibainika kwamba kioo cha taa kilikuwa kichafu tu. Kilipooshwa barabara ikaonekana.

Alamu bado ipo, imefungwa upya kwa soketi. Juzi ililia saa tisa usiku, mtaa mzima ukatoka na tochi. Alikuwa paka wangu, amelala juu ya boneti kwa sababu lilikuwa bado na joto.